Tahadhari: Pampu za Gari Zinauzwa kama Pampu za Boti

Ninawatahadharisha wenye boti za petroli zenye injini ya ndani juu ya muuzaji mmoja wa vipuri, ambaye sitamtaja kwa jina, anayeuza kile anachokiita "seti ya kumaliza mvuke" (mvuke wa petroli unaozuia injini ya moto kuwaka): pampu ya umeme, utepe wa alumini wa kuzungushia mpira wa mafuta, na chupa ya dawa ya kuchanganya na petroli. Niliinunua seti hiyo nikaifunga, na tatizo likabaki palepale. Hasara hiyo ningeivumilia, lakini pampu yenyewe ni ya gari, na ndani ya boti inaweza kuua.

Injini yangu ilikuwa ikienda vizuri, lakini nikiizima kwa dakika 20 hivi na kujaribu kuiwasha tena, stata ilizunguka bila injini kushika. Nikiiacha saa moja au zaidi, iliwaka kana kwamba haikuwa na kasoro. Muuzaji alinisikiliza kwenye simu, akasema bila kuuliza swali hata moja kwamba ni mvuke. Hakubuni ugonjwa usiokuwapo, na ndiyo maana nilimwamini. Injini inapozimwa, maji ya kupoza huacha kuzunguka, joto la chuma hupanda ndani ya chumba kilichofungwa, na petroli, ambayo sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 za Selsiasi au hata chini ya hapo, hugeuka mvuke ndani ya mpira na pampu. Pampu iliyoundwa kusukuma mafuta yaliyo majimaji hubaki ikisukuma mapovu.

Hata hivyo, dalili hizohizo hutolewa na koili ya kutoa umeme wa cheche inayokufa ikipata joto. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pulizeni kwanza hewa ya chumba cha injini mpaka harufu ya petroli iishe, kisha kagueni cheche kwa kifaa cha kupimia wakati injini imegoma, wala si baada ya kupoa. Cheche ikiwapo na plagi zikatoka zimelowa, mafuta yamechemka ndani ya kabureta na kufurika kwenye injini, nalo ni tatizo jingine. Plagi zikiwa kavu, hapo ndipo mvuke unastahili kushukiwa.

Lakini hata mvuke una sababu yake. Petroli inayovutwa kwa nguvu huchemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo kizuizi chochote kati ya tangi na pampu huukaribisha. Fundi niliyemwita baadaye alifunga geji ya mvuto mahali mafuta yanapoingilia kwenye pampu: ilisoma zaidi ya inchi 4 za zebaki (kipimo cha nguvu ya mvuto), wakati isingepaswa kuzidi 2. Chujio lilikuwa safi. Tulipofungua vali iliyo juu ya tangi, ile inayozuia mafuta yasijivute yenyewe mpira ukikatika, tulikuta kigololi chake kimegandamana na unga mweupe wa kutu ya alumini. Tuliweka vali mpya, na tangu hapo injini huwaka ikiwa moto. (Wapo wanaoing'oa vali hiyo na kuendelea bila nyingine, msiwaige, maana mpira ukipasuka tangi linaweza kujimwaga lote ndani ya boti.)

Sasa pampu. Nilipobandua kibandiko chenye picha ya boti, chini yake palikuwa na maandishi ya kiwandani yanayosema ni ya magari. Pampu halali ya umeme ya chombo cha majini huwa na alama ya kiwango cha usalama kinachothibitisha kwamba haiwashi mvuke, kama vile SAE J1171 au ISO 8846, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, ukingojea cheche moja tu. Maelekezo ya muuzaji yalitaka pia waya uunganishwe moja kwa moja na ufunguo, hivyo pampu huendelea kusukuma mafuta hata injini ikiwa imekufa, badala ya kupitia swichi ya shinikizo la oili inayoikatia umeme. Tena yalitaka ifungwe karibu na tangi, kama kwenye gari, ilhali kanuni za Marekani zinataka iwe kwenye injini au ndani ya inchi 12 kutoka kwake, ili mpira wenye shinikizo uwe mfupi.

Dawa ya chupa sina la kuisemea, kwani kiwango cha petroli kuchemka hakipandishwi kwa vijiko viwili. Utepe unasaidia kidogo pale mpira unapopita karibu na chuma cha moto, ingawa kuuhamisha mpira ni bora zaidi. Kilichonifaa bila gharama ni kuiacha injini izunguke polepole dakika chache kabla ya kuizima, kisha kuwasha feni ya kutoa hewa, na kuiwasha tena feni hiyo kwa dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo.

Nilipodai fedha zangu, muuzaji alisema nimeifunga vibaya, akanishauri ninunue pampu kubwa zaidi. Nilimwomba picha ya alama ya usalama iliyochapwa kwenye mwili wa pampu hiyo, naye akanitumia picha ya kibandiko kilekile.