Kupandisha ushuru au kusaini mkataba wa biashara huria?

Ushuru wa forodha una mvuto wake: serikali huuamua peke yake, na fedha huanza kuingia hazina mara moja. Lakini anayeulipa bandarini ni mwagizaji wa ndani, si nchi ya nje kama wanasiasa wanavyopenda kusema, naye humsukumia mnunuzi gharama hiyo kadiri awezavyo. Marekani ilipotoza chuma cha nje asilimia 25 mwaka 2018, viwanda vya kuyeyusha chuma vilipata ahueni; vile vinavyokitumia kuundia mashine vikabebeshwa gharama. Umoja wa Ulaya nao ukajibu kwa kutoza pikipiki na wiski za Kimarekani, watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote wa chuma wakaumia.

Mkataba huenda polepole, na ushuru hushuka kwa awamu. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni uhakika kuliko hata unafuu wa bei: mwekezaji anajua kanuni hazitageuka kwa tamko la usiku mmoja. Ila una masharti. NAFTA ya 1994, mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko, ilitaka asilimia 62.5 ya thamani ya gari itoke ndani ya kanda ili lisamehewe ushuru. Mkataba ulioirithi mwaka 2020 ukapandisha hadi 75. Na kiwanda kilichoishi kwa kinga ya ushuru kikifungwa, fundi wake wa miaka 50 hapati kazi nyingine kirahisi.

Ningechagua mkataba. Ushuru ningeuachia viwanda vichanga, tena uwe na tarehe ya mwisho, ingawa tarehe hizo zina tabia ya kusogezwa mbele.