Flashi ya ngumi za zamani: bei poa, lakini mkasi umepita sana

Wadau wa ngumi wanaouliza kama ile flashi ya GB 32 yenye video za ushindi mkubwa wa mabingwa wa zamani inafaa: inafaa kwa kuburudika, haifai kumalizia ubishi. Mimi niliinunua kwa ajili ya ubishi. Shemeji yangu anaamini hakuna ushindi uliowahi kuufikia wa Mmarekani Joe Louis dhidi ya Mjerumani Max Schmeling, nami nilitaka tuyaweke mapambano yote mezani.

Picha ni nzuri kuliko nilivyotegemea, nyeusi na nyeupe lakini ngumi inaonekana inapotoka na inapotua. Sauti ndiyo kero. Wamepachika muziki juu ya mtangazaji, nikaishia kuzima spika.

Pambano la Louis lipo zima, maana hata ungetaka kulikata ungekata nini? Sekunde 124 tu. Juni 22, 1938, Yankee Stadium, New York, watu zaidi ya 70,000. Schmeling anaangushwa mara tatu, anapigwa konde la ubavuni linaloufikia mgongo mpaka anapiga ukelele, wasaidizi wa kona yake wanarusha taulo kuomba pambano lisimamishwe, mwamuzi Arthur Donovan analitupa taulo pembeni kisha mwenyewe anamaliza pambano. Utawala wa Hitler ulikuwa umemfanya Schmeling bango lake la propaganda, ingawa hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi na meneja wake, Joe Jacobs, alikuwa Myahudi.

Ila pambano lao la kwanza la 1936 halimo, na hapo ndipo flashi inapoharibu. Mwaka ule Schmeling alimmaliza Louis raundi ya 12. Alikuwa amegundua kwamba Louis akishapiga jebu (ngumi fupi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), mkono wa kushoto unarudi chini, basi akawa anapitisha konde la kulia juu yake usiku kucha. Asiyejua hilo ataitazama ile ya 1938 na kudhani Mjerumani alikuwa bondia wa kawaida aliyekutana na jitu. Shemeji mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona ya kwanza!

La Rocky Marciano na Jersey Joe Walcott ndilo lililoniudhi zaidi. Septemba 23, 1952, Philadelphia. Flashi inakuonyesha raundi ya 13 peke yake: wote wawili wanaanza kurusha mkono wa kulia, wa Marciano unafika kwanza kwa umbali mfupi sana, Walcott anateleza chini mkono wake wa kushoto ukiwa umenasa kwenye kamba. Mwisho. Shemeji akacheka, "Kabahatisha huyo." Kwa kipande kile, hata mimi ningesema hivyo.

Nililitafuta zima mtandaoni. Raundi ya kwanza tu Marciano yuko chini, mara yake ya kwanza katika maisha yake ya ngumi za kulipwa. Walcott ana miaka 38 lakini anacheza kama aliyeyasoma mawazo ya mwenzake, na kufikia raundi ya 13 anaongoza kwenye kadi za pointi za waamuzi wote watatu. Marciano hakuwa na njia ya pointi. Ilikuwa amwangushe au aondoke bila mkanda wa ubingwa, uliokuwa wa Walcott. Kwangu mimi huu unauzidi ule wa Louis: Louis karibu hakuguswa, Marciano alipigwa raundi 12 na bado mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu ya kumaliza kazi. Baadaye alistaafu na ushindi 49 bila kupoteza hata pambano moja.

Sugar Ray Robinson na Jake LaMotta, Februari 14, 1951, Chicago, nalo limekatwa hivyo hivyo. Unaona LaMotta anabamizwa kwenye kamba mpaka mwamuzi anaingilia, raundi ya 13 tena. Huoni raundi za mwanzo LaMotta alizombana Robinson kweli kweli, wala huambiwi kwamba ndiye aliyempa Robinson kipigo chake cha kwanza, mwaka 1943.

Pale watengenezaji wa flashi walipofanya kazi vizuri ni kwa Archie Moore na Yvon Durelle, Montreal, Desemba 1958. Moore anaangushwa mara tatu raundi ya kwanza, anaangushwa tena ya tano, halafu anashinda kwa nokauti ya 11. Zote zimo, kwa mpangilio.

Wameongeza na Ali na Foreman, Kinshasa 1974. Si la enzi hizo, nadhani waliona bila Ali flashi haitauzika. Louis na Billy Conn la 1941, ambalo bingwa Louis alikuwa nyuma kwa pointi akaokolewa na nokauti aliyoipiga, wameliacha kabisa, sijui kwa nini.

Nyota tatu kati ya tano. Ukinunua, anza na Moore. La Marciano lirukeni, mlitafute zima mtandaoni, raundi zote 13. Shemeji bado hajakubali, lakini neno "kabahatisha" ameliacha.