Tairi za theluji kwenye Corolla ya 1994 hapa Malindi: uzoefu wangu

Nianze na gari yenyewe ndo muelewe. Ni Toyota Corolla 100 ya mwaka 1994, ilikuwa ya marehemu baba na mie siiuzi. Kila wiki naenda nayo Mombasa na kurudi, kama kilomita 120 kwenda, na Jumamosi nampeleka mamangu Mambrui na wajukuu wake wamejaa nyuma. Kwa hivyo tairi kwangu si kitu cha kubahatisha, na bado nilibahatisha.

Novemba 2024 tairi zilikuwa zishakuwa vipara, nikainama nikasoma namba ya ubavuni, 185/65R14, nikaenda nayo kwa muuza mtumba nikamwambia nataka saizi hii hii. Kosa la kwanza ndo hilo, kusoma saizi kwenye tairi ambayo mtu aliifunga tu miaka hiyo, sio kwenye gari. Akanitolea nne eks-Japani, elfu tatu kila moja, meno marefu yamesimama, mpira laini mpaka ukibonyeza kwa kucha alama inabaki, na juu ya meno kuna vimikato vyembamba vingi kama vimepitishwa wembe. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, yani tairi ya barafu isiyo na misumari, neno nililokuwa silijui, na kuna kipicha cha mlima wa vilele vitatu, ndani yake kitu kama nyota. Nikadhani ni nembo ya kampuni. Akaniambia chukua kaka, hizi bado mbichi kabisa.

Wiki mbili za mwanzo raha tupu, gari kimya, haina kelele. Kisha kaskazi ikakolea, Januari Februari mnajua lami ya hapa mchana inavyokuwa, na hapo gari ikaanza kuyumba kwenye kona, usukani ukikata kidogo inachelewa kufuata, kama tairi inajikunja kwanza ndo inageuka. Nikiwa na abiria wanne nikipita tuta huku nimekata kona nasikia khrrr kwenye madigadi. Kufika mwezi wa tatu meno ya mbele yameisha kama nusu, miezi minne tu! Halafu masika, mwezi wa tano, natoka Gede niko pale Msabaha mvua imeanza tu, mbuzi kakatisha, nikakanyaga breki gari ikateleza mpaka nje ya lami, magurudumu mawili kwenye mchanga. Nilikuwa na mamangu kiti cha mbele. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini mikono ilinitetemeka mpaka nyumbani.

Shemeji yangu anaishi Italia, nikamtumia picha za tairi, akanipigia hapo hapo. Kumbe ule mlima ndo alama ya tairi za theluji, na ile nyota ni theluji yenyewe. Kwao barabara nyingi sheria inataka uwe na tairi za baridi au minyororo kuanzia tarehe 15 Novemba mpaka 15 Aprili. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, wakati mpira wa kawaida unaanza kukakamaa, na vile vimikato ni vya kung'ata theluji na barafu. Joto likipanda mpira unalegea, unalika haraka na breki inaenda mbali. Malindi hata Julai usiku ni nyuzi ishirini na kitu, sasa hiyo baridi nitaitoa wapi? Hakuna ubaya na tairi hizi huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, au milimani Italia, ubaya ni kuzileta pwani na muuzaji asikwambie. Na zilikuwa zimeandikwa 3815, yani wiki ya 38 ya mwaka 2015, miaka tisa siku ninayozinunua.

Saizi nayo nilionyeshwa na fundi mmoja wa Maweni, mzee mtaratibu sana. Kabla hajashika jeki alifungua mlango wa dereva, akatemea kitambaa mate kidogo akafuta vumbi kwenye nguzo ya mlango, kibandiko kikatokea, kimefifia lakini kinasomeka: 175/70R13, na presha yake chini. Miaka yote baba yuko na hii gari na mie sijawahi kukiona. Akaniambia soma hapa mwanangu, hii ndo kauli ya gari.

Nikakaa na simu nikapiga hesabu, ni rahisi: upana (ile 175) mara asilimia ya ubavu (ile 70) mara mbili, ongeza rimu (ile 13, ni inchi) kwa milimita, inchi moja ni 25.4. Ile ya kiwandani inatoka kama milimita 575 kwenda juu. 185/65R14 niliyokuwa nayo inatoka 596, imezidi karibu asilimia 3.6, ndo maana ilikuwa inakwaruza madigadi, na mshale ukisema 80 wewe uko karibu 83. Lakini 185/60R14 inatoka 578 hivi, karibu sawa na ya kiwandani, na rimu zangu za inchi 14 zinabaki. Nikaangalia pia namba ya uzito, 82, yani kilo 475 kwa kila tairi, inatosha.

Nikanunua mpya za kawaida saizi hiyo, shilingi elfu saba na kitu moja, ziliniuma kusema kweli, nikafanya na balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wake) siku hiyo hiyo. Sasa ni zaidi ya miezi sita. Gari imetulia, madigadi hayakwaruzwi hata ikijaa watu, mvua ya vuli nimepita nayo bila wasiwasi, meno yameliwa kidogo sana na yote sawa. Kelele imeongezeka kidogo kwenye lami mbovu na matuta unayasikia zaidi, hilo nimelikubali.

Spea sijabadilisha. Kwenye buti bado iko ile ya baba ya inchi 13, na kwa kuwa urefu wake umepishana milimita mbili tatu tu na hizi mpya, juzi nilipata pancha pale Sabaki nikaifunga, nikaenda nayo polepole mpaka kwa fundi wa pancha.