Wiki mbili za kujifunza huduma za saraka mjini Dodoma

Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo ya jioni ya wiki mbili kuhusu usanifu na usimamizi wa huduma za saraka (mifumo inayotunza mahali pamoja akaunti za watumiaji na kompyuta za taasisi) katika kituo kimoja hapa Dodoma, na tathmini hii nawaandikia maafisa TEHAMA wenzangu wa Kanda ya Kati wanaofikiria kujiunga.

Kilichonifanya nione kwamba ada yangu haikupotea ni kuwa siku tatu za mwanzo hatukugusa seva hata moja. Mkufunzi alitupa taasisi ya kufikirika yenye makao makuu Mtumba na ofisi ndogo Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, akatutaka tuchore kwa penseli mpangilio wake wa Active Directory, huduma ya saraka ya Microsoft. Nilichora kwa kufuata idara, mkurugenzi juu na vitengo chini yake, kama nilivyozoea kazini, naye akaukataa mchoro wangu. Alieleza kwamba mafungu ya saraka, yaani makundi ya akaunti na kompyuta ndani yake, hupangwa kwa kuangalia nani atakabidhiwa kuyasimamia na sera zipi zitatumika humo, kwa kuwa idara huunganishwa na kubadilishwa majina mara kwa mara, na kila badiliko lingetulazimu kuhamisha akaunti upya. Nimesimamia mtandao kwa miaka kadhaa bila mtu kuniambia hivyo.

Ofisi za mbali ndizo zilizoleta mjadala mkali zaidi. Baina ya maeneo mawili, seva za domeni, yaani zile zinazotunza saraka na kuthibitisha watumiaji wa mtandao wa taasisi (domeni), hunakiliana mabadiliko kila baada ya dakika 180 usipobadilisha chochote. Kwa hiyo akaunti ya mtumishi aliyeachishwa kazi, ikifungwa Mtumba asubuhi, yaweza kuendelea kufanya kazi Manyoni kwa karibu saa tatu. Tulipunguza muda huo hadi dakika 15, kisha tukapima kama laini ya ofisi ndogo ingehimili.

Mazoezi ya DNS, mfumo unaotafsiri majina ya kompyuta kuwa anwani za mtandao, nayo yalikuwa mazuri. Kompyuta yangu ilikataa kujiunga na domeni kwa sababu tu ilielekezwa kwenye DNS ya nje isiyoijua seva yetu. Usahihi wa saa za kompyuta pia ulisomeshwa kwa uzito wake, maana Kerberos, njia ya kuthibitisha watumiaji kwenye domeni, kwa mipangilio ya kawaida, hukataa kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5.

Udhaifu upo, nao si mdogo. Urejeshaji wa akaunti na vitu vingine vilivyofutwa kwenye saraka ulipewa saa moja tu, jioni ya mwisho, ingawa kapu la kuhifadhia vilivyofutwa lazima liwashwe kabla ya ajali, na ndilo eneo ambalo kosa moja hulaza ofisi nzima. Samba, programu huria ambayo tangu toleo la 4 la mwaka 2012 inaweza kuwa seva ya domeni bila gharama ya leseni, ilitajwa kwa sentensi mbili. Kwa halmashauri yenye bajeti finyu hilo ni pengo kubwa. Umeme ulipokatika mara mbili, mashine pepe zetu (kompyuta zinazoigizwa kwa programu) zilizimika na kazi ikaanza upya, kwani hapakuwa na jenereta.

Ninawashauri wajiunge wale wanaoielewa tayari DNS na anwani za IP, nao waombe mapema muda zaidi wa urejeshaji. Mimi nimekwisha kuchora upya saraka ya ofisi yetu, na kazi ya kuhamisha akaunti inaanza Jumamosi hii, watumishi wakiwa majumbani.