SciPy kwa Dirac isiyo ya Hermite: tumia eig, eigh iache

Kama unahangaika na mlinganyo wa Dirac (ule wa chembe kama elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga) wenye mwingiliano usio wa Hermite (yaani matriksi yake inabadilika ukigeuza mistari kuwa safu na kubadili ishara ya i), SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, inakutosha kabisa, tena ni ya bure, ila ujue unaita fankisheni ipi ya kutafuta nishati za matriksi, eig ya matriksi yoyote au eigh ya zile za Hermite tu, maana kosa lenyewe halipigi kelele.

Chukua Dirac ya nafasi moja na wakati mmoja, c (kasi ya mwanga) na h-bar (namba ya Planck kwa 2π) zote 1, p ni momenta, masi ya kawaida m1 halafu unaongeza masi ya pili m2 inayokuja na gamma 5, moja ya matriksi za Dirac. Matriksi ni mbili kwa mbili tu: mstari wa juu m1 na p+m2, wa chini p−m2 na −m1. Nishati E inatoka kwenye E² = p² + m1² − m2². Sasa weka p = 0, m1 = 5, m2 = 3, unapata 4 na −4, namba halisi kabisa wakati matriksi si ya Hermite! Mimi hii kitu bado inanisisimua, ni ileile Bender na Boettcher waliyoionyesha 1998 kwa hamiltoniani (matriksi za nishati) zisizo za relativiti, kwamba ulinganifu wa PT (kugeuza nafasi na wakati kwa pamoja) usipovunjika nishati zinabaki halisi.

Ipe eigh matriksi hiyohiyo, inakurudishia 5.83 na −5.83 bila onyo lolote, kwa sababu inasoma pembetatu ya chini peke yake na ya juu inajijazia yenyewe. Na kwenye diagonali inachukua sehemu halisi tu, kwa hiyo potenshali yako ya iV(x), ile ya kuongeza na kumeza chembe, inafutwa yote na unabaki na grafu nzuri ya fizikia nyingine. Maelezo rasmi yanasema haikagui kama matriksi ni ya Hermite, lakini onyo lingesaidia sana, nyota moja nimeikata hapo. Nne kati ya tano.

eig inakupa 4 na −4 kama inavyotakiwa, na ukipandisha m2 hadi 6 inakupa 3.32i na −3.32i, PT imevunjika. Kinachonifanya niipende kuliko eig ya NumPy, maktaba nyingine ya Python, ni left=True, yaani unapata vekta za hali za kushoto na za kulia (matriksi ikizidishwa nazo upande huo zinabaki zilezile, mara nishati tu) kwa pamoja, na bila za kushoto huwezi kukokotoa wastani wa kitu chochote kwa usahihi huku. Ila kila vekta inakuja na urefu wa 1 kivyake, kwa hiyo wastani unaugawa mwenyewe kwa zao la kushoto na kulia, usisahau.

Pale m2 = m1 na p = 0 kuwa makini mno. Vekta mbili zinakuwa moja, lile zao linakuwa sifuri, na kosa la desimali la 10⁻¹⁶ linaweza kuvimba hadi karibu 10⁻⁸ kwenye nishati. Ukitaka kuchungulia karibu na hapo hamia mpmath, maktaba nyingine ya Python, inakuruhusu kuongeza tarakimu unavyotaka.

Kwa gridi kubwa kuna eigs ya matriksi zenye sifuri nyingi. Yenyewe inatafuta nishati 6 zenye ukubwa kuliko zote, na kwa Dirac hizo hazina kazi, nishati zinaenda juu na chini bila mwisho na mambo yote yako katikati kwenye pengo kati ya nishati chanya na hasi, so weka sigma=0 au namba iliyo karibu na hali unayoitafuta, ili itafute nishati za jirani na hapo.