Kabla Hujanunua Mashine ya Kukatia Chuma Kinene Mahali Finyu, Pima Kichwa Chake

Mwongozo huu umetokana na pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 40, iliyokwama ndani ya bawaba sentimita 9 tu kutoka ukutani. Nilikuwa nimenunua grainda ya diski ya milimita 115 kwa kuvutiwa na wati zake, na mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, kisha diski ikakataa kuzama zaidi. Nilipozima mashine na kuinama kutazama, niliona kwamba nati inayoibana diski ilikuwa imeisugua pini hadi ikaacha duara jeupe juu ya kutu, ilhali mkato wenyewe haukufika hata milimita 30. Upande wa pili haukufikika.

Kosa langu lilikuwa kusoma kipenyo cha diski nikidhani nimesoma kina cha mkato. Nusu ya milimita 115 ni milimita 57.5, na katika hizo flanji (kisahani kinachoishikilia diski), nati na kichwa cha gia humeza karibu nusu. Zaidi ya hayo, diski hupungua kadiri inavyokata, kwa hiyo kina ulichoanza nacho sicho utakachomalizia. Ndiyo maana sitazungumzia wati wala uzito. Kwa kila mashine ninauliza swali moja tu: ni sehemu gani ya mashine yenyewe itakayogonga kabla chuma hakijakatika?

Nafasi ya kwanza naupa msumeno wa umeme ambao bledi yake huenda mbele na kurudi nyuma, na sifichi kwamba ninaipendelea Milwaukee, kampuni iliyoleta msumeno wa aina hiyo uitwao Sawzall mwaka 1951. Mahali finyu ninachagua Hackzall yao, inayoshikika kwa mkono mmoja, hasa ile ya M18 Fuel (ya betri ya volti 18) ambayo bledi yake husafiri takribani milimita 22 kwa kila mwendo, kwa sababu ile ndogo ya M12 (ya betri ya volti 12) husafiri takribani milimita 13 tu na chuma kinene huichosha. Bledi huingia mahali ambapo hakuna kichwa cha grainda kinachoweza kupita, na kina cha mkato huamuliwa na urefu wake. Kinachogonga hapa ni ncha ya bledi: ukiwa na ukuta nyuma ya chuma, ncha hupiga ukuta kila inapokwenda mbele, na baada ya muda mfupi bledi hupinda kama ndoana. Kwa hiyo pima nafasi iliyo nyuma ya chuma, kisha uchague bledi fupi itakayobaki imekivuka chuma hata inaporudi nyuma kabisa. Kwa chuma kinene nunua yenye meno ya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida), meno 8 kwa inchi. Ile ya meno 18 ni ya bati na mabomba membamba. Kandamiza kitako cha msumeno kwenye chuma wakati wote, la sivyo mashine itakutikisa wewe badala ya kukata. Pini yangu hatimaye ilikatwa kwa njia hiyo.

Ya pili ni grainda ya kichwa bapa, na hapa kampuni ya Metabo imefanya kazi ya kuheshimiwa, kwa kuwa kichwa chake kimepunguzwa kimo ili kiingie kwenye pembe kali hadi nyuzi 43. Hata hivyo, kichwa bapa hukusaidia kufika tu, hakiongezi kina, na diski ikibanwa ndani ya mkato mashine hukurudia kwa nguvu, jambo ambalo mahali finyu ni hatari zaidi kwa kuwa huna pa kujisogeza.

Msumeno mdogo wa mkanda hukata kwa usafi kuliko vyote na hautoi cheche nyingi, lakini fremu yake lazima ikizunguke chuma. Ile ndogo ya Milwaukee ya M12 hupokea chuma cha takribani milimita 41, na pini yangu ingepita kwa shida kama ukuta usingekuwapo. Vigrainda vya diski ya milimita 76 vinafaa kwa bolti na sahani nyembamba, basi. Grainda za bei ya chini zisizotaja hata kina cha mkato sitazipanga.

Nililalamika kwa muuzaji aliyeniuzia ile grainda, naye akanishauri niondoe kinga ya diski na kufunga diski ya milimita 180. Diski ya ukubwa huo kwa kawaida huruhusiwa mizunguko 8,500 kwa dakika, ilhali grainda ndogo huzunguka takribani 11,000. Ushauri wake ulikuwa wa kunipasulia diski usoni. Muuzaji huyo huyo alikuwa na diski ambazo tarehe iliyopigwa chapa kwenye pete ya chuma ya katikati ilikuwa imepita, na aliziuza kwa bei kamili. Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni picha za matangazo zinazoonyesha mashine ikiwa na betri, kisha ukifungua sanduku unakuta mwili mtupu, na betri ya M12 uliyonayo nyumbani haiingii kwenye mashine ya M18. Tafuta kwanza maneno yanayosema mashine inauzwa bila betri wala chaja. Mara nyingi huandikwa mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote.