SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa sisi tuliostaafu: mwaka wangu wa kwanza

Nilipofika miaka 60, bima ya walimu ilikwisha, na yale makato ya SHA ya asilimia 2.75 kwenye mshahara nayo yakakoma. Kampuni moja ya bima niliyoiendea ilinitajia shilingi 140,000 kwa mwaka, mimi na mume wangu, tena presha yangu na tezi dume yake zisilipiwe mwaka wa kwanza. Kiinua mgongo chenyewe sijakiona! Nikaaga.

Nikabaki na SHA. Ukiwa huna mwajiri unapimwa uwezo kwa maswali: nyumba imeezekwa nini, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani. Mimi nilipangiwa 610 kwa mwezi, ila hulipi kwa mwezi, unalipa mwaka mzima kwa mkupuo. 7,320. Kwa anayengoja pensheni huo ni mzigo, na naomba sana wakubali kutukata kidogo kidogo kwenye pensheni yenyewe.

Dawa za presha nachukua zahanati ya kijijini bila kulipa. Huko hawaulizi mchango, bora uwe umesajiliwa. Zikikosekana, nanunua.

Bima yenyewe niliijua mume wangu alipolazwa kwa upasuaji wa tezi. Mezani wakamwambia aweke kidole gumba kwenye mashine. Miaka 40 ya uvuvi, ya kuvuta wavu wa jarife, kile kidole ni laini kama kokoto ya pwani, mistari imefutika kabisa. Mashine ikakataa. Binti wa mapokezi akakipangusa kwa spiriti, akajaribu cha kushoto, wapi. Akasema basi tutumie namba inayotumwa kwenye simu. Kumbe tulimsajili kwa laini ya kijana wetu aliye Nairobi, naye yuko kazini, simu haishiki. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa nane kijana alipopatikana, mzee anaumwa na mkojo umemziba.

Walimu wenzangu, laini iliyosajiliwa iwe ile iliyo mkononi mwenu. Hakikisheni leo, mkiwa wazima.

Baada ya hapo sina lalamiko. Upasuaji ulilipwa, mfukoni nilitoa 2,300 za dawa za kwenda nazo nyumbani. Ile kampuni ya 140,000 isingelipia hata siku moja ya kitanda.

Mwezi wa tisa nalipa tena. Pensheni sasa inaingia, na kila ikiingia natenga 610 kabla sijanunua hata unga.